Kumwomba Kiongozi na Kumwombea Kiongozi



Katika somo la mnyambuliko wa vitenzi mlijifunza kwamba kiambishi kimoja kinaweza kugeuza maana ya sentensi nzima. Chukueni kitenzi "omba". Ukisema "namwomba Rais", umesimama mbele ya mtu mwenye uwezo, nawe wataka akupe kitu. Ukisema "namwombea Rais", umesimama mbele ya Mungu, na huyo Rais sasa ndiye mhitaji. Kiambishi cha kauli ya kutendea, ambacho hapa ni "e" kwa kuwa mzizi wa kitenzi una irabu "o", kimewabadilishia watu nafasi zao. Aliyekuwa mtoaji amekuwa mwenye haja, na wewe uliyekuwa mwombaji kwa ajili ya nafsi yako umekuwa mwombezi kwa ajili ya mwenzako.

Naanza na sarufi kwa sababu naamini kwamba maombi mengi ya kisiasa tunayoyasikia hapa Uganda, na katika nchi jirani pia, yamepotea katika kiambishi hicho kimoja. Yanatangazwa kuwa ni ya kuwaombea viongozi, lakini ukiyachunguza utaona ni ya kuwaomba. Yapo pia maombi ya namna nyingine, ambayo hayamwombei wala hayamwombi kiongozi, bali yanamwapiza. Hoja yangu leo ni hii: Mkristo hawezi kumwombea kiongozi ipasavyo ikiwa amemsahau jirani yake, wala hawezi kudai kwamba anampenda jirani yake ikiwa anaogopa kumtaja jirani huyo anapomwombea kiongozi. Maagizo haya mawili hayatenganishiki. Anayelishika moja na kuliacha la pili, yote mawili yamemponyoka.

Agizo lenyewe linasemaje?

Andiko linalotajwa mara nyingi ni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, mistari miwili ya mwanzo. Watu hulinukuu upesi wakati wa hafla, kisha huketi. Tusilipite upesi namna hiyo, kwa maana lina mambo matatu ambayo msomaji makini hana budi kuyaona.

La kwanza ni mpangilio wake. Wakristo wanaagizwa kuwaombea watu wote, na baada ya hapo ndipo wafalme na wenye mamlaka wanapotajwa. Kiongozi anaingia katika sala akiwa mmoja wa watu, wala hatangulizwi mbele yao. La pili ni shabaha. Waraka unaeleza kwa nini viongozi waombewe: ni ili watu waishi kwa amani na utulivu, katika uchaji na maisha ya heshima. Haukusema waombewe ili wadumu madarakani, au ili waumini wapate cheo. Faida inayotajwa ni ya raia. La tatu ni wakati. Waumini wa kwanza waliishi chini ya dola ya Kirumi, na Makaisari wa siku zile hawakuwa Wakristo. Kwa hiyo sala kwa ajili ya mtawala haikuwa tuzo ya wema wake, wala ishara kwamba waumini walikuwa chama kimoja naye.

Ukitaka mfano wa sala yenyewe, soma Zaburi ya 72. Ni sala kwa ajili ya mfalme, na tangu mwanzo inamwombea uwezo wa kuhukumu kwa haki. Mara baada ya hapo maskini wanatajwa. Mfalme anaombewa awatetee wanyonge, awaokoe watoto wa wahitaji na amshinde mwonevu. Ni kweli kwamba zaburi hiyo inamtakia mfalme maisha marefu, utajiri na utawala mpana, lakini inarudi tena kueleza kwamba utukufu huo unapata maana kwa sababu mfalme humwitikia mhitaji anapolia. Mtunzi hakuona aibu kumtaja maskini mbele ya kiti cha enzi. Laiti wale wanaoshika vipaza sauti katika maombi ya kitaifa wangeisoma zaburi hiyo kabla ya kusimama!

Na jirani ni nani?

Neno "jirani" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya kila siku lina maana ya mtu ambaye nyumba yake imepakana na yako. Ndiye unayemwazima chumvi, na ndiye anayesikia kelele za watoto wako. Kutokana na neno hilo tumepata "ujirani", na tunaposema "ujirani mwema" tunazungumzia hata uhusiano kati ya dola na dola.

Amri ya kumpenda jirani imo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, mwalimu mmoja wa sheria anamwuliza Yesu jirani huyo ni nani hasa. Ni swali la mtu anayetafuta mpaka, kwa maana akiujua mpaka wa ujirani atajua pia ni watu gani hana wajibu kwao. Yesu anamjibu kwa kisa cha msafiri aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani alipita, Mlawi akapita, kisha Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa, akasimama. Alimfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha katika nyumba ya wageni na kumlipia gharama.

Angalieni jambo moja hapo. Kuhani na Mlawi walikuwa watu wa ibada. Kama lingeulizwa swali la nani kati ya wapita njia wale aliyezoea sala, jibu lingekuwa hao wawili. Lakini Yesu aliuliza ni yupi aliyekuwa jirani wa yule aliyejeruhiwa, na kwa swali hilo ibada isiyosimama barabarani ikapoteza hoja zote za kujitetea.

Sasa tuunganishe pande mbili. Ikiwa jirani ni yeyote ambaye njia yangu na yake zimekutana, basi mgonjwa anayerudishwa kutoka kituo cha afya kwa kukosa dawa ni jirani yangu. Kijana aliyekamatwa na asijulikane alipo ni jirani yangu. Mjane aliyenyang'anywa shamba ni jirani yangu, hata kama lugha yake siifahamu. Lakini kuna upande ambao wengi wetu tunaukimbia: kiongozi naye ni jirani yangu. Yeye pia ni binadamu, anaugua, anakosea, anajaribiwa, anaogopa. Hakuna mahali katika kisa kile palipoandikwa kwamba wenye mamlaka wameondolewa katika orodha ya majirani.

Kwa hiyo mwenye kuombea taifa anasimama kati ya majirani wawili: aliye juu na aliye chini. Akimtaja wa juu peke yake, sala yake inakuwa sifa. Akimtaja wa chini kwa kumchukia wa juu, sala yake inakuwa chuki iliyovishwa joho. Kazi ya mwombezi ni kuwabeba wote wawili kwa pamoja, na kazi hiyo ni nzito.

Somo la mwaka 1977

Mtu anaweza kuniambia kwamba maneno hayo ni mepesi darasani. Basi tuitazame nchi hii hii katika wakati ambapo hayakuwa mepesi hata kidogo.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati Rais Idi Amin akiwa ameitawala Uganda kwa mkono wa jeshi tangu mapinduzi ya Januari 1971. Watu walikuwa wakikamatwa na kutoweka. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu na kumpekua wakidai kutafuta silaha. Siku chache baadaye, maaskofu wa Kanisa hilo walimwandikia Rais barua ya tarehe 10 Februari. Humo walilalamikia upekuzi ule, na pia mauaji na mateso yaliyokuwa yakiwapata raia.

Tafakarini juu ya barua hiyo. Maaskofu hawa walikuwa viongozi wa kanisa ambalo sala zake za kila Jumapili huwataja watawala. Kama wangetaka usalama wao, wangeendelea kuwataja Jumapili na kunyamaza Jumatatu. Wao waliwataja majirani zao kwa yule yule ambaye mamlaka yalikuwa mikononi mwake, wakiwa wanajua gharama yake. Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Luwum aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wengine, akatuhumiwa hadharani, kisha akakamatwa. Pamoja naye walikamatwa mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wote watatu walikufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Kaburi lilichimbwa katika kilima cha Namirembe lakini likabaki tupu, kwa sababu mwili wa Askofu Mkuu ulipelekwa kuzikwa kwao Mucwini.

Huo ni upande mmoja wa somo. Upande wa pili unamhusu Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa nchi. Baada ya kifo cha Luwum alitahadharishwa kwamba naye anatafutwa. Yeye na mkewe walivuka milima usiku na kuingia Rwanda. Mwaka huo huo, akiwa uhamishoni, alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin".

Jina hilo liliwashangaza wengi, na huenda hata wewe limekuchoma unapolisoma. Je, alisahau? Aliogopa? Alikuwa anajipendekeza? Hapana. Mtu anayejipendekeza hukaa karibu na meza ya mkubwa, wala havuki milima usiku. Kivengere aliendelea kusema mbele ya ulimwengu maovu yaliyokuwa yakitendeka nchini mwake. Alichokataa ni kuiacha chuki imtawale baada ya dikteta kushindwa kumtawala. Aliona kwamba Yesu aliwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, na kwamba mfuasi wake hana ruhusa ya kufanya pungufu ya hapo.

Yawekeni mambo hayo mawili pamoja: barua ya maaskofu na kitabu cha Kivengere. Barua pekee ingeweza kusomwa kama siasa ya upinzani. Kitabu pekee kingeweza kusomwa kama udhaifu. Zikiwa pamoja, kazi hizi mbili zinatuonyesha maana kamili ya kumwombea mtawala: kumwambia kweli kwa ajili ya wanaoumia, na kutomtoa katika idadi ya watu ambao Mungu anaweza kuwahurumia. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari imekuwa sikukuu ya kitaifa hapa Uganda. Shule hufungwa. Natamani siku hiyo kila mmoja wenu ajiulize kwa nini amepumzika.

Magonjwa mawili ya sala zetu

Turudi katika siku zetu. Ugonjwa wa kwanza nauita kilemba cha ukoka. Mnakumbuka maana ya nahau hiyo: ni kumpa mtu sifa za uongo, kama unavyoweza kumviringishia majani kichwani na kumwambia amevaa kilemba cha hariri. Kiongozi anafika kanisani na msafara wake, anaketishwa mbele, anaombewa kwa maneno matamu, anatoa fedha za kuezekea paa, anapewa kipaza sauti, naye anakitumia kuwasimanga wapinzani wake. Waumini wanapiga makofi. Sala imekwisha, na hakuna aliyemtaja mgonjwa, mfungwa wala mjane. Hapo nani amemwombea nani? Kanisa limemwomba kiongozi paa, naye kiongozi ameliomba kanisa kura. Kauli ya kutendea haikutumika hata mara moja.

Wenzetu wa Kenya wameuona ugonjwa huo na baadhi yao wamechukua hatua. Mnamo Septemba 2021, Jackson Ole Sapit, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana nchini humo, alitangaza kwamba wanasiasa watakaribishwa kusali kama waumini wengine, lakini hawatapewa mimbari kuhutubia. Mnamo Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa mchango wa fedha ambao Rais William Ruto alikuwa ameutoa kwa parokia moja mtaani Kayole, na kuagiza urudishwe. Naona hatua hizo zilikuwa za upendo, hata kwa wanasiasa wenyewe. Kiongozi ambaye kila anakokwenda anasifiwa ni mtu mpweke, na anayemnyima sifa za bure huenda ndiye rafiki pekee aliyebaki naye.

Ugonjwa wa pili ni laana. Huu unawapata zaidi vijana, nanyi mnaufahamu. Mtu anafungua simu yake, anasoma habari za ufisadi, moyo wake unawaka, na anaanza kumtakia kiongozi fulani maradhi na kifo. Akiambiwa amwombee, anacheka. Siidharau hasira hiyo, kwa sababu mara nyingi inatokana na upendo kwa wanaoonewa. Lakini chuki haichagui chakula. Leo inamla waziri, kesho inamla mfuasi wa waziri, na keshokutwa inamla jirani yako wa nyumba ya pili kwa sababu tu anatoka kabila moja na waziri. Katika eneo letu la Maziwa Makuu hakuna asiyejua njia hiyo inaishia wapi. Waliowahi kuipita hawakuanza kwa panga. Walianza kwa maneno yaliyowaondoa watu wengine katika hesabu ya binadamu.

"Sali, usijihusishe na siasa"

Kuna pingamizi ambalo mtalisikia kwa wazee wengi wenye nia njema: kazi ya Mkristo ni kusali na kutii, mengine amwachie Mungu. Watalitaja Waraka kwa Warumi, sura ya 13. Nawaheshimu wazee hao, lakini hapo sikubaliani nao. Sura hiyo hiyo inayowataka waumini watii mamlaka inaeleza kwamba mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya watu, na haimaliziki bila kurudia amri ya kumpenda jirani. Anayeisoma nusu ya kwanza peke yake anafanya kama mwanafunzi anayejibu mtihani kabla ya kulisoma swali lote.

Tena, katika nchi zetu za sasa raia si mtu wa kutawaliwa tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 17, inataja wajibu wa kila raia, na miongoni mwake ni kuheshimu haki za wengine na kupambana na rushwa. Huo nao ni ujirani, ulioandikwa kwa lugha ya sheria. Anayeomba Mungu awape viongozi uaminifu, kisha akauza kura yake kwa kipande cha sabuni, amemtuma Mungu kazi ambayo yeye mwenyewe anaibomoa.

Najua kwamba miongoni mwenu wamo Waislamu na watu wa imani nyingine. Nimeandika kwa lugha ya Biblia kwa kuwa mada yenyewe ni sala ya Kikristo, lakini swali la msingi ni lenu pia. Nanyi mnajua kuwaombea viongozi dua, na nanyi mna majirani. Yeyote anayenuia kumwombea mwenye mamlaka, kwa lugha yoyote, ana wajibu wa kujiuliza kama maneno yake yangemfariji yule anayeonewa iwapo angekuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mimi sina kipimo kizuri kuliko hicho.

Na kwa kuwa mnajifunza Kiswahili, neno moja la mwisho. Hapa Uganda wazee wengi waliichukia lugha hii kwa sababu waliisikia vinywani mwa askari, vizuizini na katika misako. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini azimio la serikali halitoshi kuisafisha lugha iliyotumika kuamrisha na kutisha. Kitakachoisafisha ni matumizi mapya: kusalimiana, kufundishana, kutetea, kufariji, kuombeana. Mzee anayekiogopa Kiswahili akisikia kijana akimtetea kwacho mbele ya ofisa, hataendelea kukiogopa kama zamani.

Zoezi la wiki

Andikeni sala au dua ya sentensi tatu. Sentensi ya kwanza itaje kiongozi mmoja, awe Rais au mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chenu, na itumie kitenzi katika kauli ya kutendea. Asiyempenda kiongozi huyo ndiye hasa anayehitaji zoezi hili. Sentensi ya pili imtaje jirani mmoja anayeumizwa na jambo ambalo kiongozi huyo ana uwezo wa kulirekebisha. Elezeni jambo lenyewe waziwazi. Sentensi ya tatu ianze na "nita-", na iseme mtakalolifanya ninyi wenyewe kabla ya Jumapili ijayo.

Nitasahihisha sarufi ya sentensi zote tatu. Ukweli wa sentensi ya tatu atausahihisha jirani yako.